Nusu Sentimita Kati ya Jeddah na Riyadh

Mchezaji akifunga bao, msimtazame yeye. Tazameni fimbo yake. Watu wakishangilia mikono hurukaruka, na ni katika kurukaruka huko ndipo yanafanyika mambo ambayo mkaguzi hatakiwi kuyaona. Niliwahi kumwona msichana akikumbatiwa na wenzake wanne, na alipotoka kwenye kumbatio hilo alikuwa na fimbo nyingine. Ile aliyofungia bao ilikuwa tayari mikononi mwa beki wake, ambaye alikuwa akitembea upande wa pili huku akipiga mluzi. Beki huyo hakujua kupiga mluzi. Ndiyo sababu nilimtazama.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie kwa kuwa klabu yenu imeletewa fimbo za lakrosi na hakuna hapa anayejua kuzikagua. Amewaambia kwamba kazi hiyo niliifanya Saudi Arabia kwa miaka saba. Ni kweli, ila asiwafanye mwamini kwamba nilipanda ndege kwa ajili hiyo. Nilikwenda Jeddah kushona sare za shule. Ukaguzi wa fimbo ulinikuta mbele ya cherehani, nikiwa na umri wa mtu ambaye haendi tena kutafuta kazi mpya.

Kwa ambao bado hawajaushika mchezo wenyewe: kila mchezaji ana fimbo yenye kichwa cha plastiki, na ndani ya kichwa hicho umefumwa wavu. Mpira hudakwa, hubebwa na kurushwa kwa wavu huo, mkono hauugusi. Kwa hiyo kila hila ya mchezo huu inakaa kwenye fimbo. Wavu ukiwa na kina kirefu, mpira hutulia ndani kama mtoto mgongoni, na adui hata akipiga fimbo yako hautoki. Fimbo ikiwa fupi, unaificha karibu na mwili wako. Sheria za wanawake tulizozitumia zilitaka fimbo nzima isipungue sentimita tisini. Zilitaka pia fimbo ikishikwa sawasawa mbele ya macho, mpira uliomo kwenye wavu uonekane juu ya ukingo wa kichwa. Nyinyi someni kitabu cha mwaka wenu. Sheria hubadilishwa, na mkaguzi anayetumia kumbukumbu badala ya kitabu ni mtu hatari.

Karakana yetu ya ushonaji ilikuwa mtaa wa Ruwais, ghorofa ya chini, nyuma ya duka la rangi. Siku moja aliingia Mwalimu Dorcas, Mkenya wa Kakamega aliyefundisha michezo katika shule ya binafsi tuliyoishonea sare. Alikuwa na fimbo tatu zenye nyavu zilizoraruka.

“Mama Zuhura, hii kitu unaweza shona?”

Niliigeuza, nikaona namna uzi ulivyopita, nikamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu alizikuta zimefumwa. Akazitazama, kisha akanitazama mimi, akauliza, “Si wewe ndiye ulikataa sketi arobaini juu ya pindo?”

“Zilikuwa zimepungua nusu sentimita.”

“Haki ya nani, wewe ndiye mtu natafuta.”

Miaka hiyo mambo yalikuwa yameanza tu kufunguka. Wasichana waliruhusiwa kucheza, lakini ndani ya ukuta wa shule, na mashuka yalifungwa kwenye uzio ili mpita njia asione. Mwanamume hakuingia. Aliyeleta maji aliyaacha langoni na kupiga honi. Basi waamuzi na wakaguzi walitakiwa wawe wanawake, na wanawake waliojua sheria za lakrosi katika Jeddah nzima wangeenea kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Dorcas alinipa kitabu chake cha sheria. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Nilinunua kamusi na daftari kubwa, nikakitafsiri ukurasa kwa ukurasa kila nikitoka kazini, chumbani kwangu Al-Mahjar. Ilinichukua miezi miwili. Nilipomaliza, nilijua mambo ambayo Dorcas mwenyewe alikuwa ameyaruka.

Yeye, kwa upande wake, alinifundisha yasiyomo kitabuni. Mechi yangu ya kwanza nilitoka ukingoni mwa uwanja moja kwa moja kumwendea mchezaji niliyemshuku, nikinyoosha mkono toka mbali. Nilipofika, wavu wake ulikuwa umekazwa kama ngoma.

“Usitembee kama polisi,” Dorcas aliniambia baadaye. “Tembea kama mtu anatafuta choo. Mpite. Muulize mwenzake saa ngapi. Halafu geuka, ushike fimbo kwanza, salamu baadaye.”

Nimeikagua miji miwili kwa maneno hayo.

Na kuna wakaguzi ambao hawakusomea. Fimbo ikipinduliwa, mpira lazima udondoke wenyewe. Kulikuwa na timu moja ya mtaani ambayo mipira yao ilichelewa kudondoka. Haikuganda, ilichelewa tu, kama mtu anayeaga mara tatu mlangoni. Nilipima nyavu zao zote, zikawa sawa. Nikazinusa, nikanusa sabuni. Wakati wa mapumziko waliziegemeza fimbo kwenye benchi, na tuliporudi zilikuwa nyeusi. Sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari kutoka ufa wa ukuta hadi kwenye nyavu, kila mmoja na haja yake. Wasichana wale walikuwa wamepaka asali ya tende, wakaifuta kwa kitambaa cha sabuni ili isinuke. Nahodha wao aliapa kwamba sisimizi wa Jeddah wanapenda plastiki. Nilimwambia basi tuwape na fimbo za timu nyingine tuone. Akaanza kuzikusanya fimbo zake. Tangu siku hiyo ndipo walipoanza kuniita Hala Mita, yaani mama mdogo wa mita, na jina hilo likanifuata mpaka Riyadh.

Baada ya miaka miwili au mitatu mashuka yaliondolewa kwenye uzio. Kisha viti vikawekwa. Kisha wakaja akina baba, na chupa zao za kahawa na vikombe vidogo. Baba mmoja, ambaye mwaka mmoja kabla hakuruhusiwa kufika hata langoni, sasa alikuwa ananifundisha kazi yangu kwa sauti: “Ya hala, pima vizuri! Shika juu! Juu zaidi!” Alikuwa hajawahi kushika fimbo ya lakrosi maishani. Nilifurahi kumsikia, ingawa sikumwonyesha.

Sasa niwaeleze kosa langu. Mengine ni ya kuchekesha. Hili lilimgusa mtu.

Riyadh nao walikuwa na timu, na mkaguzi wao alikuwa Bi Samira, Msudani, mwalimu wa hesabu. Kwa miaka kadhaa sisi ndio tuliokwenda kwao. Mwaka wangu wa tano Jeddah, wao ndio waliokuja kwetu, mechi ya kuamua mshindi wa msimu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba fimbo zikikaguliwa katika mji wake na kubandikwa utepe wa mkaguzi wa huko, hazikaguliwi tena kabla ya mechi. Utepe wa Samira ulikuwa wa kijani. Lakini bao likifungwa, kocha wa upande wa pili alikuwa na haki ya kuomba fimbo iliyofunga ikaguliwe hapo hapo. Ikiwa na kosa, bao linafutwa.

Zilibaki dakika chache, timu zikiwa sare tisa kwa tisa. Mshambuliaji wao, msichana anayeitwa Lujain, akatuzunguka wote na kufunga la kumi. Kocha wetu wa Jeddah akainua mkono: fimbo ikaguliwe.

Nilikwenda kama mtu anayetafuta choo. Lujain hakuhitaji kuviziwa. Alinyoosha fimbo mwenyewe. Niliilaza mezani, nikatoa futi yangu shingoni. Ilikuwa futi ya ushonaji, utepe wa njano niliotoka nao Tanga. Nikapima kutoka kitako cha mpini hadi ncha ya kichwa. Themanini na tisa na milimita sita.

“Hala,” akasema Lujain kwa sauti ya kusikika kwenye viti, “unanipima fimbo au unanishonea gauni la harusi?”

Watu wakacheka. Nikapima mara ya pili. Nikapima mara ya tatu. Kisha nikamjibu kwa sauti ileile: “Fimbo. Imepungua milimita nne. Harusi itasubiri.”

Wakacheka zaidi. Nilijisifu kwa jibu hilo njia nzima hadi Al-Mahjar.

Bao lilifutwa, Jeddah wakafunga lao, mechi ikaisha. Lakini haikuishia hapo. Kama fimbo yenye utepe wa mkaguzi imekutwa fupi, maana yake ni moja tu: mwenyewe ameikata baada ya kukaguliwa. Hilo halikuwa kosa la kifaa tena, lilikuwa udanganyifu. Kamati ya mashindano iliyokaa Riyadh ikaandika barua: Lujain atafungiwa msimu mzima, isipokuwa atoe maelezo mbele yao Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Siku mbili baadaye Samira alinipigia simu.

“Dada yangu, ile fimbo niliipima mimi. Sentimita tisini na milimita moja.”

“Basi ameikata.”

“Milimita tano? Nani anakata milimita tano?”

“Mtu anayetaka milimita tano.”

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Lujain alikuwa na darasa lake mwenyewe, kila Jumanne, watoto wa mtaani kwao kumi na mmoja, wasichana wa miaka minane na tisa. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi. Tangu habari za mechi zifike, watoto saba walikuwa wamesimamishwa. Wazazi walisema hawawezi kumpa mdanganyifu watoto wao.

“Mimi nimekwambia nilichopima,” akasema Samira. “Halas, basi. Wewe tazama chako.”

Nilikasirika. Mtu anayejisomea mwenyewe huwa na ugonjwa huu: alichokipata kwa taabu hataki kiguswe. Lakini usiku ule sikulala vizuri kwa sababu ya jambo moja dogo. Mpini wa alumini ukikatwa kwa msumeno, mahali palipokatwa hung’aa kama sarafu mpya. Nilikuwa nimekitazama kitako cha fimbo ya Lujain wakati nikiipima. Kilikuwa butu, cha kijivu, na gundi ya kifuniko chake ilikuwa imekauka zamani. Nilikuwa nimekiona kwa macho yangu na nikakipita.

Basi nikatafuta njia ambayo Samira angekuwa sahihi, Lujain awe sahihi, na mimi pia niwe sahihi. Nilikuwa na kitabu cha fizikia nilichokinunua kwenye soko la mitumba la Karantina, chenye sura ya namna chuma kinavyotanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Nikawaza: walikuja kwa basi lenye kiyoyozi kikali, fimbo zimekaa kwenye baridi kwa saa kumi na mbili. Labda zimesinyaa! Nikapiga hesabu, alumini ya sentimita tisini ikipoa nyuzi ishirini na tano. Jibu: nusu milimita. Nikapiga tena, nikidhani nimekosea nukta. Nusu milimita. Ili ifupike milimita tano, basi lile lingehitaji kiyoyozi cha kuwagandisha abiria wote na dereva wao. Na isitoshe, mechi ilichezwa alasiri ya Jeddah, ambako hata kivuli kinatoka jasho.

Asubuhi niliazima rula ya chuma ya mita moja kutoka stoo ya ufundi ya shule ya Dorcas. Niliilaza kwenye meza ya kukatia vitambaa, nikalaza futi yangu pembeni yake, sifuri kwa sifuri. Kwenye kumi zilikuwa pamoja. Kwenye thelathini zilianza kuachana. Tisini ya futi ilisimama kwenye tisini na nusu ya chuma.

Nikakaa juu ya marobota ya sare. Dorcas akanikuta hapo.

“Mama Zuhura, nani amekufa?”

“Tazama.”

Alitazama. Aliinama, akafunga jicho moja, akafungua, akafunga la pili. Halafu akaanza kucheka, na Dorcas akicheka lazima ashike kitu; alishika cherehani.

“Woi! Kwa hivyo watoto wa shule mzima wamevaa sketi za uongo!”

“Sketi ziko sawa.”

“Na zimepimwa na hii nyoka?”

“Ziko sawa, Dorcas. Fikiri. Nampima mtoto kwa futi hii, halafu nampimia kitambaa kwa futi hiihii. Ikidanganya kwa mtoto, inadanganya vilevile kwa kitambaa, na uongo unakutana katikati unafutana. Ningeweza kupimia hata utepe wa zawadi.”

Aliacha kucheka. “Na fimbo za wasichana wetu?”

“Zote walizikatia hapa, mezani kwangu, kwa futi hii. Wao wana nusu sentimita ya ziada na hawajui. Wa Riyadh walikata kwa rula ya chuma ya Samira.”

“Kwa hivyo futi yako inajua watu wa Jeddah tu.”

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote futi ile ilikuwa inabishana na nafsi yake na kushinda. Siku ilipokutana na kipimo kilichotungwa na watu wengine, mbali, ikaumbuka. Na ile kupima kwangu mara tatu mbele ya watu, kwa madaha? Kupima mara tatu kwa futi moja ni kupima mara moja. Liandikeni hilo.

“Lakini futi inarefukaje?” akauliza Dorcas, huku macho yake yakizunguka chumba. Yakatua ukutani, kwenye msumari nilikokuwa naitundika kila jioni nikifunga kazi. Chini ya msumari, kwenye sakafu, kulikuwa na mkasi wangu mkubwa wa chuma wenye kitanzi cha uzi. “Na huu mkasi unakaa wapi usiku?”

Karakana ilikuwa na mafundi sita na mikasi ilikuwa ikipotea. Mwaka wangu wa kwanza nilibuni njia: natundika futi kwa ncha moja, na ncha ya pili naifunga mkasi, ili vyote viwe mahali pamoja. Nilijiona mtu wa mpangilio. Kila siku kwa miaka mitano, kuanzia jioni hadi asubuhi, katika unyevu wa Jeddah na mvuke wa pasi, mkasi ule mzito ulikuwa unaninyooshea futi.

Dorcas alishika cherehani tena.

Alipotulia alinishauri niandike barua. Tutaituma kwa simu, alisema, kamati isome, mambo yaishe. Kwenda kujianika ni kwa nini? Wakinitoa watamleta mtu wa kutoka nje mwenye vyeti, na mimi vyeti sina. Yote hayo yalikuwa kweli. Kazi ile ilikuwa imenifanya mtu mjini. Nilikuwa fundi wa sare chumba cha nyuma, na siku za mechi akina baba walisimama nipite.

Lakini barua yangu ingesema nini? Kwamba futi imerefuka? Yeyote anayemtetea Lujain angeweza kuandika hivyo. Wale wazazi wa Jumanne wangesema ameokolewa na huruma. Ilibidi futi yenyewe iende, ilazwe mezani, watu waione kwa macho yao ikikosea.

Nilikwenda kumwomba ruhusa Madam Hanan, mwenye karakana na kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu.

“Siku tatu, madam. Riyadh. Kuna kesi.”

Akaweka kalamu chini. “Kesi ya nani?”

“Ya futi yangu.”

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

“Futi yako ina ikama?” akauliza, kana kwamba futi nayo huhitaji kibali cha ukaazi.

“Mafi, madam. Haina.”

“Basi wakiikamata huko isiseme inafanya kazi kwangu. Yalla, nenda. Na ukirudi usirudi nayo.”

Nilipanda basi la asubuhi na futi kwenye mkoba, imekunjwa ndani ya kopo la biskuti ili isivutike zaidi na mtu akadai nimeivuta makusudi. Pembeni yangu niliegemeza ile rula ya chuma ya shule. Abiria jirani yangu aliuliza kama mimi ni mwalimu. Nilimwambia ni shahidi.

Kamati ilikuwa wanawake watatu, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, nyuma ya meza yenye tende na birika la kahawa. Samira alikuwepo, rula yake ya chuma ameivalisha soksi ndefu ya mpira. Lujain alikaa ukutani na baba yake, fimbo magotini. Hakunitania. Hilo lilinisumbua kuliko ningetukanwa.

Nikaeleza. Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani minene, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo lilinifanya nimheshimu. “Tutajuaje kama mwenye kosa si rula ya Samira?”

Nikaitoa ile ya Jeddah. Tukazilaza rula mbili za chuma pamoja, za miji miwili, ambazo hazijawahi kuonana, na mistari yao ikakutana yote mpaka mwisho. Kisha nikafungua kopo la biskuti, nikalaza futi katikati yao. Wote walisimama kuinamia. Hata baba yake Lujain alikuja. Tisini ya njano ilikaa nusu sentimita mbele ya tisini mbili za chuma, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

“Nani aliifanya hivi?” akauliza mwenyekiti.

“Mimi na mkasi wangu.”

Hawakukaa muda mrefu. Adhabu ikafutwa. Wazazi wa watoto wa Jumanne wataandikiwa barua, na nitaitia sahihi mimi, kwa jina langu, nikisema nilikosea. Matokeo ya mechi yalibaki yalivyo, kwa kuwa kipenga cha mwisho kikilia hakuna bao linalorudi.

“Na huyu mama?” akauliza baba yake Lujain. “Adhabu yake ni nini?”

“Amekuja kwa basi kutoka Jeddah,” akasema mwenyekiti.

“Haitoshi.”

Sikumlaumu. Ni Lujain aliyenyanyuka. Alikuja mezani, akaweka fimbo mbele yangu.

“Anipime tena,” akasema. “Yeye mwenyewe. Kwa chuma, na aseme kwa sauti.”

Nikapima. “Tisini na milimita moja,” nikasema, kwa sauti ya kufika kwenye viti kama vingekuwepo. “Urefu ni halali. Ulikuwa halali siku ile.”

Kamati wakarudi kwenye kahawa yao. Samira akairudishia rula soksi. Mimi nilibaki na fimbo mkononi. Siku ya mechi nilipata kosa kwenye urefu nikasimama hapo hapo, sikuendelea na sehemu nyingine, na hilo nalo ni kosa, ukaguzi unamalizwa. Basi mikono yangu ikaendelea yenyewe, kichwa, ukingo, wavu. Kina kilikuwa sawa. Nikapitisha kidole nyuma, mahali kamba za wavu zinapofungwa, na kidole kikasimama.

Pale palikuwa na fundo ambalo halikuwa la kiwandani. Lilikuwa limeshonewa uzi wa rangi ileile ya kamba, kwa ustadi, hata mwamuzi angelitazama siku nzima asilione. Lakini mimi nimekula kwa nyuzi. Lilikuwa fundo la kuteleza. Ukilivuta kwa kidole kimoja ukiwa unakimbia, wavu unashuka na mpira unazama ndani yake. Ukilivuta upande wa pili, unapanda na kuwa halali kabla mkaguzi hajafika.

Nikainua macho. Lujain alikuwa ananitazama kidole.

“Nani alikufundisha fundo hili?” nikamuuliza polepole.

“Bibi yangu. Alikuwa akifungia ngamia.”

“Ngamia hawakaguliwi.”

Nyuma yake baba yake alikuwa anavaa viatu, anaongea kwenye simu na mtu, anamwambia kwa furaha kwamba binti yake ni msafi, ni msafi kabisa.

Mtaniuliza kwa nini sikumwita mwenyekiti. Nimelifikiri sana. Kamati iliniuliza urefu, nami nilijibu urefu. Wavu wakati huo, juu ya meza ile, ulikuwa halali. Sheria inamkamata mchezaji uwanjani fimbo ikiwa na kosa. Haimkamati kwa fundo ambalo limetulia. Hayo ndiyo majibu yangu ya kitabu. Kama kuna mengine, mtayakuta wenyewe mkishafanya kazi hii.

Nilichomoa sindano kwenye ukosi wangu, ambako haikosekani. Ilikuwa na uzi mweupe. Nikaupitisha kwenye lile fundo mara tatu, mshono wa kurudi, ule tunaotumia kwenye makwapa ya sare za watoto watundu, nikaufunga, nikaukata kwa meno. Nikampa fimbo yake.

Aliligusa fundo kwa kidole. Halikusogea. Akalivuta kwa nguvu, akalivuta kwa upande wa pili.

“Hala,” akasema kwa mnong’ono, “umeniua mara ya pili.”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Safari hii umestahili.”